Majumba ya Opera Yasiyo na Opera: Jinsi Miji Midogo ya Marekani Ilivyoilea Komedi ya Muziki

Ukipita katika miji midogo ya Marekani, tuseme ya Maine au Iowa, majimbo ambayo siku hizi yana familia nyingi za Wakongo wanaozungumza Kiswahili, utakuta kwenye barabara kuu jengo la matofali la ghorofa mbili au tatu, na juu karibu na paa pamechongwa maneno Opera House. Mji wenyewe una watu elfu tatu. Mtu hujiuliza: opera, hapa? Na huku mtandaoni, kila kipande cha mchezo wa Broadway, eneo la kumbi kubwa za maigizo jijini New York, kinaposambaa, ubishi ni uleule. Huyu anasema hiyo ni opera, yule anasema ni filamu ya Kihindi iliyopandishwa jukwaani, mwingine anasema ni tamasha la nyimbo tu. Maswali haya mawili yana jibu moja. Komedi ya muziki, aina ya mchezo iliyoipa Broadway jina, ilipata sehemu kubwa ya umbo lake katika kumbi za namna ile, na asiyezijua kumbi hizo atapata taabu kuelewa kwa nini michezo hiyo imejengwa ilivyojengwa.

Tuanze na majina, maana ndiyo yanayochanganya.

Opera ni hadithi inayosimuliwa kwa kuimbwa, karibu yote. Muziki ndio unaobeba kisa, na waimbaji wanahitaji miaka ya mafunzo ya sauti na okestra kubwa. Opereta ni nyepesi zaidi: kuna mazungumzo ya kawaida kati ya nyimbo, kuna mapenzi na mzaha, lakini bado sauti ni za kufunzwa. Vodevili haina hadithi kabisa. Ni programu ya vipande visivyohusiana: mwimbaji, mchekeshaji, mwanasarakasi, mbwa waliofunzwa, kisha dansi. Anayekumbuka maonyesho ya vikundi vya TOT na Muungano jijini Dar es Salaam miaka ya 1990, ambapo tiketi moja ilikupa ngoma, sarakasi, kichekesho na taarabu usiku huohuo, tayari anaijua vodevili kwa sura yake ya nje.

Komedi ya muziki ilizaliwa pale watu walipochukua vipande vya vodevili na kuvifunga kwa kisa kimoja. Wahusika ni watu wa leo, wanaongea lugha ya mtaani, kisa kinachekesha, na nyimbo ni za mtindo ambao mtazamaji angeweza kuupiga nyumbani kwa piano. Mwigizaji hahitaji sauti ya opera. Anahitaji kusikika, kuchekesha na kucheza. Baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1940, michezo hiyo ilianza kubeba huzuni na mambo mazito, na neno komedi likaanguka. Ndiyo maana leo husemwa mchezo wa muziki tu, hata kama watu wanakufa ndani yake.

Sasa turudi kwenye jengo. Kati ya mwisho wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe mwaka 1865 na Vita Kuu ya Kwanza, miji ya Marekani ilijenga maelfu ya majumba yaliyoitwa ya opera, na nyingi kati ya kumbi hizo hazikupata kuona opera kamili hata moja. Sababu ya jina ilikuwa makanisa. Madhehebu mengi ya Kiprotestanti yaliona ukumbi wa maigizo kuwa kichaka cha ulevi na umalaya, na mfanyabiashara anayehudhuria ibada kila Jumapili asingetaka jina lake likae kwenye jengo kama hilo. Opera ilisikika kuwa jambo la Ulaya, la elimu na heshima. Kwa hiyo jina lilibadilika, mlango ukafunguka, na watu walewale waliokataa maigizo wakaja kuyatazama wakiwa wamevaa nguo zao za kanisani.

Mara nyingi ukumbi haukuwa chini. Ghorofa ya chini ilipangishwa kwa maduka, benki au posta, na kodi hiyo ndiyo iliyolipia jengo, kwa sababu maonyesho peke yake yasingelilipia. Ukumbi ulikuwa juu, na kumbi nyingi zilikuwa na sakafu tambarare na viti vya kuondolewa. Hilo lilikuwa la makusudi. Jumatatu kulikuwa na hotuba ya mgombea, Jumatano mahafali ya shule, Ijumaa mchezo, Jumamosi viti vinasogezwa ukutani na watu wanacheza dansi. Ukumbi wa Piper huko Virginia City, Nevada, mji wa wachimba fedha, uliojengwa upya mwaka 1885, uliwekewa springi chini ya sakafu ili wacheza dansi wasichoke miguu. Jukwaa lake limeinama kuelekea kwa watazamaji, ili walio kwenye sakafu tambarare waone miguu ya waigizaji wa nyuma. Huko Central City, Colorado, mji mwingine wa migodi, wakazi wenyewe walijenga jumba lao la mawe mwaka 1878. Hili ni moja ya machache ambayo yalikuja kustahili jina lake, kwani tangu mwaka 1932 limekuwa likionyesha opera ya kweli wakati wa kiangazi.

Jukwaani kulikuwa na mandhari chache za kudumu, zilizochorwa kwa rangi kwenye turubai: sebule ya tajiri, jiko la maskini, mtaa, msitu, na pengine gereza. Ukumbi ukiwa na hizo tano uliweza kupokea karibu kila mchezo. Mbele kabisa lilining'inia pazia lililochorwa ziwa au magofu ya Italia, na kandokando yake visanduku vya matangazo ya muuza viatu, daktari wa meno na mtengeneza majeneza wa pale mjini. Kila mmoja alilipia kisanduku chake, na pesa hizo zilisaidia kugharimia uchoraji. Vermont peke yake bado ina zaidi ya mapazia 100 ya aina hiyo yaliyookolewa na kutengenezwa.

Ni nani waliopanda kwenye majukwaa hayo? Mwanzoni mji mkubwa ulikuwa na kundi lake la kudumu, na nyota mmoja mmoja alisafiri kuja kuigiza nalo. Reli ilibadilisha utaratibu huo. Kuanzia miaka ya 1870 ilikuwa rahisi zaidi kwa kundi zima kusafiri na mchezo mmoja, likiwa na waigizaji, mavazi na mandhari yake, likalala mji huu leo na mji mwingine kesho. New York ikawa mahali pa kukusanya makundi, na reli ikawa soko lenyewe.

Hebu tuangalie siku moja ya kundi kama hilo, kwa sababu hapa ndipo mchezo wenyewe ulipofinyangwa. Wiki moja au mbili kabla, mtu wa kutangulia hufika na mabango yaliyochapishwa kwa rangi, huyabandika kwenye maghala na vibanda, na huacha tiketi chache za bure kwa mwenye duka anayekubali bango dirishani. Siku ya onyesho treni inafika mchana. Mandhari hupakuliwa na kupandishwa ghorofani, mara nyingi kwa kamba na kapi kupitia mlango wa nyuma ukutani. Kiongozi wa muziki anakaa na bendi ya mji: fidla, kornetia, klarineti, tromboni, besi, ngoma na piano, wakati mwingine pungufu ya hapo. Anawagawia nota, wanapitia nyimbo mara moja, labda mbili. Usiku wanacheza. Baada ya pazia la mwisho kila kitu kinarudi kwenye treni. Mapato yanagawanywa kwa asilimia, na sehemu kubwa, mara nyingi 70 au zaidi, huenda kwa kundi.

Kila hatua hapo iliacha alama kwenye komedi ya muziki.

Chukua fremu za mandhari. Zilitengenezwa zisizidi futi 5 na inchi 9 kwa upana, yaani kama mita 1.75, kwa sababu ilibidi zipite kwenye mlango wa behewa la mizigo. Ukuta mpana ulitengenezwa kwa fremu mbili zilizounganishwa kwa bawaba. Mafundi wengi wa jukwaa wa Marekani walirithi kipimo hicho na kuendelea nacho hata mizigo ilipohamia kwenye malori.

Chukua bendi. Ikiwa wapigaji wameiona nota mchana, wimbo hauwezi kuwa mgumu. Lazima uwe na mapigo yaliyo wazi, ubeti na kiitikio, na sauti isiyopanda mno. Hakukuwa na vipaza sauti. Vilikuja kuzoeleka katika michezo ya muziki katikati ya karne ya 20. Mwigizaji alifundishwa kutamka konsonanti kwa nguvu na kuimba akiwatazama watazamaji badala ya mwenzake. Wanaoshangaa kwa nini mpenzi anamwimbia mpenzi wake huku amempa kisogo wanaangalia desturi iliyotokana na haja ya kusikika.

Na chukua kubadilisha mandhari, jambo ambalo kwangu ndilo linaloeleza mengi kuliko yote. Jukwaa dogo halina nafasi ya kusukumia vitu pembeni upesi. Kutoa sebule na kuweka msitu kunachukua dakika tatu au nne, na mji mzima hauwezi kukaa gizani muda huo. Suluhisho lilikuwa kushusha pazia lililochorwa karibu na ukingo wa mbele, likabaki jukwaa la kina cha hatua chache tu. Hapo hutoka wachekeshaji wawili au binti na mpenzi wake, wakaimba na kucheza, huku nyuma ya pazia mafundi wanabeba viti kwa kunyata. Mchezo ulipangwa hivyo kuanzia mwanzo mpaka mwisho: tukio kubwa la jukwaa zima, kisha wimbo wa mbele ya pazia, kisha tukio kubwa jingine. Mtunzi aliyehitaji dakika nne za kubadilisha mandhari alihitaji wimbo wa dakika nne, na ilikuwa juu yake kutafuta sababu ya kuuimba. Nyimbo nyingi za wahusika wa pili katika komedi za zamani, wale wapenzi wachekeshaji wasiohusika sana na kisa, zipo kwa sababu hiyo. Utaratibu huu ulidumu Broadway kwa miongo mingi, mpaka mitambo ikaweza kubadilisha jukwaa mbele ya macho ya watazamaji.

Mbinu hiyo yenyewe ilitoka mahali pa aibu, na haifai kupitwa kimya. Maonyesho ya minstreli, yaliyopata umbo la usiku mzima kuanzia mwaka 1843 kwa kundi la Virginia Minstrels, yalikuwa ya wazungu waliojipaka masizi ya vizibo vilivyochomwa usoni ili kuwadhihaki Waafrika waliokuwa utumwani. Yalikuwa na sehemu tatu, na ile ya kati ilikuwa vipande vya mbele ya pazia wakati mchezo wa mwisho unaandaliwa nyuma. Majumba ya opera ya miji midogo yaliyapokea kwa miaka mingi. Baada ya utumwa kukomeshwa, waigizaji Weusi nao waliunda makundi ya minstreli, kwa kuwa hiyo ndiyo ajira ya jukwaani iliyokuwa wazi kwao, na ndani ya sura hiyo ya dhihaka wakakuza muziki na dansi ambazo baadaye ziliibeba Broadway.

Vitabu vingi na tovuti nyingi husema mchezo wa kwanza wa muziki ni The Black Crook, uliofunguliwa katika ukumbi wa Niblo's Garden, New York, tarehe 12 Septemba 1866, ukadumu saa tano na nusu na kuonyeshwa mara 474. Ulikuwa na mambo ya uchawi na wacheza baleti waliovaa nguo za kubana, na ulipata pesa nyingi. Lakini kuuita wa kwanza ni kurahisisha mno. Kisa chake ni cha pepo na mchawi wa Ujerumani, na nyimbo zake zilibadilishwa bila kugusa hadithi. Ulichofundisha ni biashara: kwamba mchezo wa nyimbo na dansi unaweza kukaa jukwaani mwaka mzima na kisha kuzunguka nchi kwa miaka.

Mchezo ulioingia kweli kwenye miji midogo ulitoka Uingereza. HMS Pinafore, opereta ya mwandishi Gilbert na mtunzi wa muziki Sullivan, ilifunguliwa London mwezi Mei 1878 na kuonyeshwa Boston mwezi Novemba mwaka huohuo bila idhini. Sheria ya Marekani wakati ule haikulinda kazi za wageni. Hakimiliki ya kimataifa ilikuja mwaka 1891. Aliyepata kitabu cha nota aliweza kuionyesha bila kumlipa mtu, na ndani ya msimu mmoja makundi mengi mno yaliicheza kwa wakati mmoja. Kisa hakina tusi, nyimbo zinashikika, na mandhari ni moja tu: sitaha ya meli. Wanakwaya wa makanisa waliunda makundi ya kuiimba. Waumini waliokuwa wakiapa kutokanyaga ukumbi wa maigizo walikwenda kuwatazama wanakwaya wenzao, na baada ya hapo ilikuwa vigumu kurudi kwenye kiapo. Gilbert na Sullivan walipochoka kuibiwa walikuja wenyewe, na opereta yao iliyofuata wakaifungulia New York tarehe 31 Desemba 1879 ili kuilinda.

Wakati huohuo Wamarekani walikuwa wakitengeneza kitu chepesi zaidi. Kundi la Nate Salsbury, la watu watano tu, lilizunguka na mchezo ulioitwa The Brook. Kisa kinasimulika kwa sentensi moja: marafiki wanakwenda pikiniki na kurudi. Vikapu vya pikiniki vikifunguliwa vinatoka mavazi na vifaa, na kila kifaa kinaleta wimbo au kichekesho. Kwa kundi linalosafiri huo ni mpango wa kupendeza: nauli ya watu watano, mandhari ya msitu ambayo kila ukumbi ilikuwa nayo, na wimbo ukichoka unabadilishwa bila kugusa hadithi.

Charles Hoyt, mtu wa New Hampshire, aliupeleka mpango huo mbali. Mchezo wake A Trip to Chinatown ulizunguka miji karibu mwaka mzima kabla ya kufunguliwa New York mwezi Novemba 1891. Vijana wa San Francisco wanadanganya kwamba wanakwenda kutembea Chinatown, kumbe wanakwenda mgahawani. Barua inamfikia mjomba wao kimakosa, naye anajikuta mgahawani hapohapo, na hakuna anayefika Chinatown. Ulionyeshwa New York mara 657, rekodi iliyokaa mpaka mwisho wa miaka ya 1910. Wakati mmoja makundi kadhaa yalikuwa barabarani nao. Moja likiwa Milwaukee mwaka 1892, mwimbaji aliingizia wimbo wa kigeni kabisa kwa kisa, After the Ball wa Charles K. Harris, na ukumbi ukashangilia mpaka ukabaki ndani ya mchezo. Nota zake zilizochapishwa ziliuzwa nakala zaidi ya milioni tano. Baada ya hapo kila mchapishaji wa nyimbo alitaka mwimbaji wa safari aubebe wimbo wake, maana mwimbaji mmoja alipita miji mia moja kwa msimu, na kila mji ulikuwa na duka la nota.

Kwa hiyo ile dhana kwamba komedi ya muziki ilibuniwa Broadway kisha ikapelekwa mikoani kama zawadi haisimami. Mara nyingi mambo yalikwenda kinyume. George M. Cohan, mwigizaji na mtunzi, alilelewa kwenye vodevili ya familia yake, akisafiri tangu utotoni na kupumzika kiangazi katika mji mdogo wa North Brookfield, Massachusetts. Mchezo wake Little Johnny Jones ulijaribiwa Hartford, Connecticut, mwezi Oktoba 1904, ukafika New York mwezi Novemba, na ukafa baada ya maonyesho 52. Cohan aliurudisha barabarani, akakata palipolegea na kukaza palipochekesha kulingana na miji ilivyoupokea, na mwaka 1905 ukarudi New York ukiwa na nguvu mpya. Huo ndio uliokuja kuwa utaratibu wa kazi kwa nusu karne: jaribu nje ya jiji, sikiliza ukumbi unakohoa wapi, andika upya usiku, jaribu tena kesho. Shubert, ukumbi wa New Haven, Connecticut, uliofunguliwa mwaka 1914, ilipata sifa kwa kazi hiyo. Mwezi Machi 1943 ilipokea mchezo ulioitwa Away We Go!; ulipofika New York mwisho wa mwezi huo uliitwa Oklahoma!, na ukaonyeshwa mara 2,212.

Waandishi na waigizaji Weusi walilipa gharama kubwa kuliko wote katika barabara hizo. Hoteli ziliwakataa, na watazamaji wa rangi yao walipelekwa ghorofa ya juu, mara nyingi kwa ngazi ya pembeni. Hata hivyo In Dahomey, yenye Bert Williams na George Walker na muziki wa Will Marion Cook, iliingia kwenye ukumbi mkubwa wa Broadway mwezi Februari 1903, kisha ikaenda London mwaka huohuo. Shuffle Along ya Noble Sissle na Eubie Blake ilitapatapa katika miji ya Pennsylvania na New Jersey kwa madeni, ikitumia mavazi yaliyobaki kwenye michezo iliyoanguka. Nyimbo nyingine zilitungwa ili tu mavazi fulani yapate kuvaliwa. Ilipofunguliwa New York mwezi Mei 1921 ilionyeshwa karibu mara 500 na ikawafundisha wengine jinsi ya kucheza jazi jukwaani.

Udogo wa ukumbi ulikuwa na kazi hata ndani ya New York. Princess Theatre ilikuwa na viti 299, kimoja tu pungufu ya kiwango ambacho kingeiletea masharti makali ya moto. Kati ya mwaka 1915 na 1918 mtunzi Jerome Kern na wenzake hawakuwa na nafasi ya wacheza dansi arobaini wala mandhari kumi. Walikuwa na mandhari mbili, okestra ya watu wachache, na wahusika wa kawaida. Kwa kuwa hakukuwa na fahari ya kufichia kisa kibovu, ilibidi kisa kiwe kizuri na nyimbo zitoke ndani yake. Kern huyohuyo ndiye aliyeandika muziki wa Show Boat, mwaka 1927, unaohusu ukumbi mdogo wa maigizo unaoelea mtoni. Mwandishi wa riwaya yake, Edna Ferber, alikuwa amekaa kwa muda kwenye jahazi halisi la maigizo, James Adams Floating Theatre, lililohudumia vijiji vya North Carolina na ghuba ya Chesapeake.

Ni nini kilichoua majumba haya? Jibu la haraka ni televisheni, nalo si sahihi. Mengi yalikuwa yamefungwa kabla ya mtu yeyote kumiliki televisheni. Pigo moja lilikuwa ukiritimba. Mwaka 1896 mawakala na wamiliki sita, wakiwemo Marc Klaw na Abraham Erlanger, waliunda umoja ulioitwa Syndicate na kushika upangaji wa safari zote kubwa. Kabla yao meneja wa mji mdogo alikwenda New York kila kiangazi, akaandikiana na makundi mmoja mmoja, na hakuwa na uhakika: usiku mmoja yanafika makundi mawili, usiku mwingine hakuna. Umoja ulileta mpangilio, lakini ulidai kumbi zipokee michezo kupitia kwake peke yake na ukatiwe asilimia. Ndugu wa familia ya Shubert walishindana nao, wenye kumbi ndogo wakaasi mwaka 1910, na vita hiyo ikajaza miji michezo dhaifu, mingi kuliko miji ilivyoweza kuilipia.

Pigo jingine lilikuwa moto. Tarehe 30 Desemba 1903, katika onyesho la mchana la komedi ya muziki Mr. Bluebeard, cheche ya taa iliwasha pazia katika Iroquois Theatre, Chicago. Pazia la kuzuia moto lilikwama njiani, milango kadhaa ilikuwa imefungwa, na zaidi ya watu 600 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Miaka minne baadaye, tarehe 13 Januari 1908, ukumbi wa ghorofa ya pili wa Rhoads Opera House, Boyertown, Pennsylvania, uliwaka kwa taa za mafuta wakati waumini wa kanisa wakiigiza. Milango ilifunguka kwa ndani, umati ukaibana, na watu 171 wakafa katika mji mdogo. Sheria zilizofuata zilidai milango ifunguke kwa nje, chuma cha mlalo kinachofungua mlango mtu akikisukuma kwa mwili, ngazi za dharura, na pazia lisiloungua. Ukumbi wa ghorofani juu ya duka la magodoro, wenye ngazi moja ya mbao, haukuweza kutimiza hayo kwa bei ambayo mji ungeimudu. Na wakati huohuo, tangu mwaka 1905, kumbi za sinema za senti tano zilikuwa zikifunguliwa chini kabisa, mlango ukitazama barabara.

Yaliyobaki yalibaki kwa sababu mbalimbali. Goodspeed Opera House ya East Haddam, Connecticut, ilifunguliwa mwaka 1877 kando ya mto: gati na ofisi chini, ukumbi juu. Baadaye serikali ya jimbo ililifanya ghala la idara ya barabara na kupanga kulibomoa, mpaka wakazi walipolichangia na kulifungua upya mwaka 1963. Lina viti 398. Man of La Mancha ilianzia hapo mwaka 1965, na Annie mwaka 1976, mwaka mmoja kabla ya Broadway. Hata mchezo wa The Lion King, ambao Waswahili wengi wanaujua kwa majina ya Simba na Rafiki, ulijaribiwa kwanza mwaka 1997 katika Orpheum ya Minneapolis, ukumbi wa vodevili wa mwaka 1921, kisha ukafungulia New York kwenye New Amsterdam, jumba ambalo Klaw na Erlanger walilijenga mwaka 1903.

Kumbi nyingi ndogo leo zinaishi kwa michezo ya shule na vikundi vya mji, na hapa ndipo makundi ya Afrika Mashariki na ya ughaibuni hukosea. Mchezo wenye hakimiliki hauonyeshwi kwa kununua kitabu tu. Kundi huomba leseni kwa wakala, kwa mfano Music Theatre International, likitaja idadi ya viti, bei ya tiketi na siku za maonyesho. Ada hupangwa kwa hayo. Nota na maandishi mara nyingi hukodishwa na kurudishwa. Kubadilisha maneno hakuruhusiwi, kutafsiri kwa Kiswahili kunahitaji idhini ya maandishi kabla ya kuanza, na kurekodi video ni ruhusa nyingine tena. Shule au kwaya isiyo na bajeti hiyo inaweza kuanza na kazi za zamani. Nchini Marekani, kazi iliyochapishwa zaidi ya miaka 95 iliyopita huwa huru, ingawa kila nchi ina muda wake wa kuangalia. HMS Pinafore haidaiwi na mtu, nota zake zinapatikana bure, na sitaha moja ya mbao na piano vinatosha.